Mchawi Mwenye Kovu Kidevuni

Mtaa mzima ulimwita Dada, hata wazee waliomzidi umri. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa bado msichana wa shule, na wadogo zake wawili, wa kiume na wa kike, hawakuwa na mtu mwingine. Aliacha masomo akakalia cherehani. Asubuhi akienda kazini aliwafungia ndani kwa kufuli, maana mtaa ule haukuwa wa kuamini watu. Jioni alirudi mgongo unawaka moto, akawafokea wasome. Wachumba walikuja, wakachoka, wakaenda zao.

"Nina watoto," aliwaambia.

Watoto hao wakasoma wakafika mbali. Wa kiume akawa mwandishi, na siku moja akapiga simu.

"Dada, tunazindua kitabu changu. Wanafunzi wataigiza. Nishonee mabawa ya majoka."

Dada nusura arushe simu kwa furaha. Alishona mabawa ya kijani, akayatia waya yasimame, akayapamba kwa satini aliyokuwa amejiwekea. Mdogo wake wa kike alipokuja kuyachukua, aliazima na gauni la zamani la Dada, la kahawia.

"La mchezo tu," alisema, bila kumtazama usoni.

Ukumbini walimkalisha mbele. Pazia likafunguka: ndugu wawili wamefungiwa chumbani. Akaingia mchawi amekumbatia cherehani, gauni la kahawia mwilini, kovu limechorwa kidevuni. Dada akajishika kidevu. Kovu lake lilitokana na uji wa moto, siku alipomvuta mdogo wake wa kiume asiungue.

Majoka yakavunja paa, yakawabeba watoto, yakamtemea mchawi moto.

"Aungue! Aungue!" watoto ukumbini wakapiga kelele.

Baadaye alimkuta mwandishi akitia saini vitabu.

"Yule ni mimi?"

"Dada, ni hadithi tu. Watoto wanataka mtu wa kumchukia."

"Na ninyi?"

Mwandishi akainamia kitabu kingine. Mdogo wa kike ndiye aliyejibu, sauti chini.

"Ulikuwa unatufungia, Dada. Tulikuwa tunaogopa."

"Hata mimi nilikuwa naogopa," alisema, akaondoka kwa miguu.

Likizo ilipofika, mwandishi alipiga hodi na mfuko wa zawadi. Dada alimpa kiti, akamchemshia chai, akamwita "mgeni wangu" mpaka alipoaga. Mwandishi alicheka akidhani ni utani. Alicheka peke yake.