Ndege Niliyoisikia Migombani

Mume wangu alikuwa mwalimu wa marubani jeshini. Ndege yao ilikuwa ndogo, ya viti viwili na propela moja, iliyotengenezwa makusudi ili mwanafunzi ajifunze kuipindua tumbo juu na kuirudisha akiwa hai. Sikuwahi kumwona akiruka. Uwanja wa jeshi mke haingii, na nilipouliza niliambiwa nitulie. Nilichokijua cha kazi yake ni alama za mikanda mabegani mwake na ovaroli zilizonuka mafuta.

Alipostaafu, klabu moja ya raia yenye ndege ya aina ileile ikamwajiri. Mwenyewe alisema jeshini watu walijifunza kazi, huku watoto wa wenye nazo wanalipia kizunguzungu. Aliipenda ile ndege kuliko alivyonipenda mimi, na nilishakubali kuwa wa pili. Nilitaka jambo moja tu: nimwone akiwa juu, hata mara moja.

Kiangazi kimoja nikiwa Mpuguso kwa wakwe, akanipigia simu. Anapeleka ndege Songwe kwenye maonyesho, na ameruhusiwa kupitia nyumbani Jumamosi mchana.

"Utoke nje uangalie," akaniambia.

Kutoka nje ndiyo ilikuwa shida. Mimi ni mtu wa Singida, nesi niliyepangiwa kazi Rungwe, na kwetu baba mkwe unamsalimia na kumtengea chakula. Kwa Wanyakyusa wa zamani, yeye na mke wa mwanawe hawaonani. Akitokea njiani, wewe unaingia migombani. Wengi wameshaiacha mila hiyo. Mzee wangu, tata kama wanavyomwita baba huku, hakuiacha.

Jumamosi ile akatoa kiti, akakiweka katikati ya ua, mahali pekee ambapo migomba haikuziba anga. Nikiwa jikoni nikamwomba mama mkwe amsihi asogee kidogo, ageukie upande wa zizi, nami nitoke. Mama akaenda, akarudi ameinamisha uso. Mzee amekataa, ua ni wake na mtoto ni wake. Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

Ndege ilipovuma nikatokea mlango wa nyuma, nikakimbia migombani kutafuta upenyo. Jani juu ya jani. Niliisikia ikipanda, ikipanda, kisha kimya. Nikajua imezima, inaanguka. Nikakaa chini kwenye majani makavu, nikalia kwa sauti. Mara watu wa nyumbani waliokuwa uani wakapiga vigelegele, na injini ikanguruma tena ikielekea mbali. Kumbe kile kimya ndicho kilikuwa ufundi wenyewe. Wenzangu waliushangilia, mimi niliuomboleza.

Jioni mume wangu alipopiga simu nilimweleza yote. Akasema nisijali, atakuja tena. Hakuja. Daktari wa marubani alimkuta na tatizo la moyo, leseni ikaenda. Sasa analima parachichi, na ukimtajia ndege anaanza habari za mbolea.

Mwaka jana mzee akaugua, akaletwa wodini kwangu. Mila ilikwisha siku ya kwanza tu aliposhindwa kwenda chooni. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha, naye akanitazama usoni kama vile tumezoeana miaka yote. Sitasema nilimhurumia. Nilifanya kazi yangu.

Asubuhi moja nikimwogesha, alikuwa akimsifia mwanawe kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Alieleza jinsi ndege ilivyopanda wima juu ya paa la nyumba yake, ikasimama hewani, ikalala ubavu, ikashuka taratibu na jua likiwaka kwenye mabawa. Alieleza vizuri mno. Hata mume wangu hakuwahi kunieleza hivyo, na mkono wangu ulisimama na kitambaa. Ndipo akanigeukia.

"Siku ile wewe ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nilikuwa migombani, tata."

Akatikisa kichwa, akaniangalia kwa huruma ya kweli kabisa.

"Ungetoka," akasema.