Waya wa Kuanikia Miyaa

Mimi ndiye niliyemwambia mama kwamba waya ule umekufa. Nianze hapo, nisije nikajificha nyuma ya serikali.

Hapa Kipungani walikuja wakapanga paneli za sola nyuma ya kijiji, wakasimamisha nguzo, wakavuta waya mtupu usio na ganda hadi ubavuni mwa ua wetu, kisha wakaenda zao. Pesa za serikali za kuunganisha umeme huo wa jua na njia kuu ya mjini hazijatoka, wakasema. Tukangoja hadi tukachoka kuuliza. Waya ukalegea, ukashuka hadi mkono unaufikia. Mama, ambaye kazi yake ni kusuka mikeka, akaniuliza kama kuna ubaya akianika pale miyaa yake, yale majani ya kusukia anayoyachemsha kwa rangi.

"Anika, mama. Huo ni maiti. Pesa za serikali utaziona akhera."

Tukacheka. Wanawake wenzake nao wakaiga, na waya ukavaa miyaa nyekundu, ya kijani na ya zambarau, misimu na misimu.

Kisha pesa zikatoka. Mafundi wakarudi, wakaukaza waya ukapanda juu, wakapita nyumba kwa nyumba kuonya watu wasiuguse. Mama huyo! Alichukua upembo, ule mti mrefu wenye ndoana wa kuangulia matunda, akawa anaitundika miyaa yake kwa huo. "Mara ngapi wametwambia utawaka?" akasema. "Serikali ya nti hii naijua." Nami, badala ya kumkataza, nikaguna tu nikaendelea na kazi zangu.

Siku yenyewe tuliitwa skuli. Afisa mmoja wa kutoka bara, mpole, akasimama akatutangazia kwamba umeme umo ndani ya waya tangu asubuhi. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, mara mbili tatu, halafu mikono ikaniganda. Alfajiri nilimwacha mama akichochea sufuria ya rangi. Masikio yake hayamsaidii tena, mikutano haendi. Na miyaa ikitoka sufuriani huwa imerowa chepechepe.

Nilikimbia. Ya Rabbi, nilikimbia! Mchanga ulinivuta miguu, buibui likanizonga, na katika kichwa changu alishaanguka mara kumi kabla sijafika. Sioni haya kusema: niliogopa hadi mkojo ukanitoka.

Nikamwona kwa mbali, amenipa mgongo, upembo juu, rangi nyekundu ikimchuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko. Kati ya miyaa na waya palibaki shubiri moja.

"Mama! Wata! Acha, mama!"

Hakusikia. Alijinyoosha kwa ncha za vidole. Nisingemfikia. Nikavua kandambili, nikamrushia mama yangu mzazi kwa nguvu zangu zote, ikampata begani.

Upembo ukamponyoka, ukaanguka nyuma yake pamoja na miyaa. Akageuka, akaitazama kandambili, akanitazama mimi.

"Wanipiga kiatu? Mimi?"

Nikaketi mchangani nikalia kwa sauti, nikinyoosha kidole juu. Akautazama waya muda mrefu. Kisha akaokota upembo wake, akaukokota chini hadi ndani.

Mchana kutwa alisuka amenipa mgongo. Baada ya magharibi jirani akatuita tuone taa yake. Mama hakwenda, nami sikwenda. Tulikaa na kandili yetu, yeye akisuka, mimi nikiomba radhi kwa mara ya sijui ngapi kwa ajili ya ile kandambili. Mtoto kumpiga mzazi kiatu, hata kwa sababu gani, hapa kwetu ni jambo la kuhofia laana ya Mungu.

Akaweka chini ukili aliokuwa akiusuka.

"Kiatu nimekusamehe tangu pale pale," akasema. "Kiatu kimeniokoa. Lakini lile neno lako la maiti, mwanangu, nililiamini."

Akaendelea kusuka. Vidole vyake bado vilikuwa vyekundu.