Kwa Nini Dankani Hakurudi Kwao

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa Idi pili, nyumbani kwa shangazi yangu Bi Zuhura, Edmonton ya hapa London, na mezani tulikaa na mchezaji wa hoki ya barafu kutoka Kanada ambaye alikuwa hajawahi kuonja pilau maishani mwake. Nakusimulia wewe, Nasra, kwa sababu klabu moja ya kaskazini mwa Sweden imekuita ukawe kipa wao, na tangu Jumamosi unazunguka na simu mkononi hujui uwajibu nini. Unaogopa watu watasema London imekushinda. Mama yako analia jikoni. Mimi nami nina woga wangu, lakini huo niachie mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa kijana wa rika lako. Safari za kwenda Croydon kufuatilia karatasi za ukaazi zilikuwa zimekwisha, nami nimepata kazi katika uwanja wa barafu, kuendesha lile gari la kulainisha barafu. Umelipanda tangu mdogo, ila sidhani kama niliwahi kukueleza vizuri linavyofanya kazi. Kisu chake kinaparuza tabaka la juu lililochimbwa na viatu vya wachezaji, kisha nyuma linamwaga tabaka jembamba la maji. Watu hudhani ni maji baridi. La, ni ya moto, kwa sababu maji ya moto huyeyusha kidogo kingo za mikwaruzo kabla hayajaganda, na barafu hutoka ngumu na angavu. Nilijisomea haya maktabani, maana pale kazini kila mtu alijua hufanywa hivyo na hakuna aliyejua kwa nini.

Maji ya moto yakigusa barafu, mvuke hupanda. Asubuhi, taa zikiwa bado nusu, nilikuwa naendesha ndani ya wingu. Nazunguka polepole, injini inanguruma chini kwa chini, na nyuma yangu uwanja unabaki kama kioo ambamo bado hajajitazama mtu. Nilikuwa nikisahau niko nchi gani. Mara nyingine nilijiona niko juu ya mji, mara nyingine chini ya maji. Na katika wingu hilo ndimo alimokuwa akitokea Dankani, yule Mkanada, wa kwanza kuingia kila asubuhi, mrefu, ndevu nyekundu, akiteleza bila kutoa sauti kama mtu ninayemuota.

Klabu yetu iliruhusiwa wachezaji wageni wachache tu. Kwa hiyo mgeni hawekwi benchi bure. Hoki, kama ujuavyo, huchezwa kwa zamu fupifupi. Kabla dakika haijaisha miguu inawaka moto na mwenzako anaingia. Ukitaka kujua kocha anamwamini nani, mtazame anamtuma nani pale matokeo yanapobana. Kwetu alikuwa akimtuma Dankani.

Sasa asubuhi ya Idi pili aliniambia kwamba klabu moja ya kwao, ngazi moja tu chini ya ligi kubwa kabisa, inamtaka arudi. Wangempigia simu alasiri wapate jibu. Nilimwambia haraka, "Nenda! Unangoja nini?" Akatabasamu tu. Mkewe alikuwa anasoma chuo kikuu hapa hapa, na siku hiyo yuko kwenye mtihani. Bi Zuhura alikuwa ameshatoa amri zamani kwamba siku ya Idi mtu hali peke yake, awe Mwislamu au asiwe. Nikampakia Dankani kwenye basi, tukaenda.

Chumba kilikuwa kidogo, watu tele, madirisha yamefunga ukungu kwa joto la masufuria. Suleiman, binamu yangu, hakuweza kuzuia ulimi.

"Dankani, bwana wee, eti wewe mchezaji wa kulipwa kweli? Mbona basi uko huku kwetu kwenye mvua?"

Meza ikacheka. Nikaongeza na langu: "Na leo wamemwita arudi, bado anafikiri!"

"Anafikiri nini?" Suleiman akashika kichwa. "Mtu anaitwa juu, yeye anauliza ngazi iko wapi!"

Dankani alicheka pia. Akaweka kijiko chini, akaeleza taratibu, bila kujitetea. Kule kwao alikaa benchi misimu miwili. "Nilijua kila mchezaji anavyofunga kamba za viatu," alisema, "maana ndicho nilichokuwa nakitazama." Maisha yalikuwa basi na hoteli, basi na hoteli, na wakati wowote anaweza kuhamishiwa mji mwingine kabla hajafungua sanduku. Hapa mechi nyingi ni za wikiendi, katikati ya wiki analala kwake, mkewe anasoma. Akatutajia rafiki zake. Mmoja yuko Ujerumani, amefuata mshahara, na haoni aibu kusema hivyo. Mwingine yuko Italia, alitaka kuona kijiji alikozaliwa babu yake. Wa tatu yuko Japani, goti lake lilikuwa limechoka na msimu mrefu. "Na wapo," alisema, "waliokwenda kwa sababu hakuna mwingine aliyewaita. Hao nao wanacheza."

Suleiman alitaka kuongeza neno. Bi Zuhura akamkata.

"We Suleiman, na wewe Haji, hebu nyamazeni. Mie nilisomesha Wete. Watoto wakisimama nikiingia. Hapa nimeogesha wazee wa watu mpaka mgongo umenipinda. Mnanionaje? Nimeshuka?"

"Hapana, shangazi," tukasema.

"Basi huyu mnampimia nini?" Akamgeukia Dankani, akamsemesha Kiingereza chake cha neno moja moja. "Kule kwenu, timu ikishindwa, wanakuita wewe?"

Dankani akafikiri. "Hapana, anti. Wanamwita mwingine."

"Na hapa?"

"Hapa wananiita."

"Basi ongeza pilau. Kisha kawajibu."

"Shangazi kashakuwa kocha," Suleiman akanong'ona, na Bi Zuhura akamrushia kitambaa cha mkono.

Simu ikalia kweli. Dankani akatoka kwenda kwenye kibustani cha nyuma, akasimama chini ya kamba za nguo. Nilifuta ukungu wa dirisha kwa kiganja nikamtazama. Pumzi yake ilikuwa inapanda nyeupe, inapotea, inapanda tena. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Nimewashukuru," alisema. "Nimewaambia nabaki." Halafu, kwa sauti ya chini: "Baba yangu atanuna mpaka theluji iyeyuke." Bi Zuhura akachukua sahani yake. Alimpakulia.

Wikiendi ile tulikuwa nyuma kwa bao moja na muda unakwisha. Kocha akamtuma. Nilikuwa nimesimama getini na gari langu, namwona anavyochukua kile kidude cheusi kilicho mpira wao, anampita mmoja, anavuta nyuma gongo lake la kuchezea, anapiga. Kiligonga mwamba. Mlio wake nausikia hadi leo. Tulishindwa. Alipotoka alipiga ukuta kwa gongo, akatukana matusi yote ya kwao, kisha akaniona, akanishika bega. "Umeona, Haji? Umeona ilivyogonga mwamba?" Uso wake ulikuwa unawaka. Sijawahi kuona mtu aliyeshindwa aliye hai namna ile. Nikaingia na gari langu kwenye ule mvuke, na nilipomaliza mizunguko yangu sikuwa tena na swali la kumuuliza.

Mwanangu, hapa wewe ni kipa wa pili. Unavaa mavazi yote yale mazito, unatazama mechi, unayavua. Sweden wanasema utadaka. Basi kabla hujawajibu, waulize kipa mwingine ni nani na kocha anamwonaje. Uliza utakaa wapi, na nani atakupeleka kwa daktari goti likiumia, na waambie waziandike ahadi zao, kwa sababu zipo klabu zinazoahidi kwa mdomo mtamu na kusahau msimu ukianza. Wakikujibu vizuri, nenda. Usiende kuwakomoa wanaokusema, wala usibaki kwa kuwaogopa. Hao hawatakuwapo golini. Ikiwa ni mshahara unaoufuata, sema ni mshahara. Ikiwa unataka tu kuiona ile theluji yao isiyoisha, hiyo nayo ni sababu ya mtu mzima. Mama yako nitazungumza naye mimi.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akupe majirani wema na chumba chenye joto, akukinge na ugonjwa na upweke. Na siku watakapokufunga, maana watakufunga, akujaalie uwe ni wewe uliyesimama pale golini, si mwingine huku wewe ukitazama. Amin.