Siku Tatu Alizoomba Mng'oa Meno wa Kibiti

Saa mbili na nusu asubuhi, benchi la nje ya chumba cha meno limeshajaa. Ndani, Amri Mtoro amekamata kiti kwa mikono miwili utafikiri kinataka kumtupa. Ni mkulima wa korosho wa Dimani. Jino limemtesa wiki tatu. Sindano ya ganzi imeshaingia, ndiyo kwanza anakumbuka swali lake.

"Hili si la juu, dada? Nasikia la juu likitoka, jicho nalo linakwenda."

"Jicho halijashikana na jino," anajibu Rukaiya Kondo huku akiligonga lile jino taratibu. "Inauma?"

"Haiumi. Lakini nikipofuka nani ataniokotea korosho?"

"Si mkeo? Siku zote anaokota nani?"

Benchi linacheka. Amri anataka kujibu, ila ameshachelewa, koleo liko mdomoni. Muda si mrefu jino liko kwenye sahani na mwenyewe anaambiwa ang'ate pamba nusu saa, asisukutue mpaka kesho. Akifika mlangoni anafumba jicho moja, halafu la pili, kuhakikisha.

Rukaiya ana miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Mbuchi, na ndiye tabibu wa meno peke yake katika kituo hiki cha afya. Vijana wanamwita Mama Meno. Wazee wanamwita binti Kondo. Kwa wiki anang'oa meno kama arobaini. Kuziba hazibi, maana mashine iliharibika mwaka juzi, 1994, na fundi wake hajaonekana mpaka leo.

"Mwezi uliopita ganzi ilikatika siku kumi na moja," anasema. "Wawili waliniambia nitoe hivyo hivyo. Nilikataa. Walinitukana, wakaenda zao."

Nusu ya kazi yake ni koleo, nusu ni maswali. Mswaki wa mti unafaa? Unafaa, mradi ncha uitafune ilainike na usugue kweli, usiuache mdomoni kama pambo mpaka adhuhuri. Mswaki mmoja nyumba nzima? Hapana, kila mtu na wake. Fizi zikitoka damu niache kusugua? Usiache, sugua polepole, na zikiendelea njoo. Mchana wa Ramadhani je?

"Hilo kaulizeni msikitini. Mimi nasema sugua ukishakula daku."

Anayemchosha ni yule anayesema meno ya utotoni hayana maana kwa sababu yatang'oka. Tangu biashara ifunguliwe na bidhaa za nje ziruhusiwe, peremende zimefika mpaka vijiji vya ndani. "Dukani kwetu kuna peremende aina saba, nimezihesabu," anasema. "Mswaki aina moja, tena umeingia vumbi."

Yote hayo anayajibu huku anacheka. Liko swali moja asilolichekea, na Jumanne hii limeingia likiwa limebebwa mgongoni.

Ni mtoto wa miezi saba, Twalibu. Mama yake ni Sihaba. Mbele yao ametangulia mama mkwe, Bi Mwanahawa, wa Salale. Wamepanda boti mpaka Nyamisati, halafu gari mpaka hapa. Mtoto anaharisha siku ya pili, ana homa, na kwenye fizi, pale pa chonge, kuna vivimbe vyeupe.

"Sisi tunakwenda kwa fundi kule nyuma ya soko," anasema Bi Mwanahawa kabla hajaulizwa. "Mtoto ana meno ya plastiki. Huyu mkwe wangu kalia njia nzima, ati tupitie kwanza hapa. Haya, tumepita."

Meno ya plastiki ni jambo ambalo kila nyumba ya huku inalijua. Mtoto akiharisha na fizi zikivimba, husemwa ameota meno mabaya yatakayomuua, basi hupelekwa kwa fundi anayeyachimbua kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Rukaiya anasema plastiki haipo. Vile vyeupe ni chonge zake mwenyewe, ziko njiani. Ukichimba unamtia mtoto kidonda na uchafu, na unaweza kuharibu hata meno ya ukubwani yaliyo chini yake.

Anamweleza hivyo Bi Mwanahawa. Bibi anasikiliza mpaka mwisho, kisha anajitengeneza ushungi.

"Binti Kondo, mimi na mama yako tumelima shamba moja Mbuchi. Wako hukumtoa? Si alipona? Wetu ndiyo unamkatalia?"

Benchi lote linamgeukia Rukaiya. Sihaba anatazama chini.

Ni kweli. Mwaka 1983 Rukaiya alikuwa na miaka ishirini, hajui chuo wala koleo. Mwanawe wa kwanza, Salama, aliharisha akiwa na miezi sita. Alimpeleka kwa fundi, akamshika kichwa yeye mwenyewe. Siku ya tatu mtoto akapata nafuu. Salama sasa ana miaka kumi na mitatu. Chonge ya kulia haikuota kabisa, ya kushoto iliota kahawia, imekatika, tena imelala upande. Akicheka anaweka kiganja mdomoni.

"Alipona, mama," Rukaiya anamjibu. "Lakini siku zile zile tatu nesi wa zahanati alinipa maji ya chumvi na sukari, nikawa namnywesha kijiko kijiko. Maji yakamponya, mimi sifa nikampa fundi. Nilikuja kujua nikiwa chuoni, miaka mitano baadaye."

"Maneno ya chuo hayo."

"Basi nipe siku tatu. Daktari amwone leo hii, anywe maji ya pakiti, yale yale ya chumvi na sukari, na ziwa aendelee kunyonya. Kila asubuhi umlete. Kwa fundi usifike."

"Akinifia?"

Rukaiya anamgusa mtoto paji la uso. "Ndiyo maana nakuomba umlete kila siku," anasema.

Sihaba anamwambia mkwewe kwa sauti ndogo, "Mama, siku tatu tu." Bibi anasonya, lakini anakaa.

Wanafikia kwa ndugu yao hapo hapo Kibiti. Jumatano mtoto hali ni ile ile, macho yameingia ndani, na daktari anawalaza. Rukaiya anakwenda wodini mara nne, na kila akiingia Bi Mwanahawa anamwonyesha vidole: kimoja kimekwisha, viwili bado. Alhamisi homa inashuka. Ijumaa asubuhi Twalibu amenyonya mpaka ametapika kwa kushiba, na kuhara kumekatika.

"Maji yako yamefanya kazi," bibi anakubali. "Ila meno bado yamo."

"Hayo ndiyo nataka yabaki humo."

Bibi anamfungua mtoto mdomo, anaviangalia vile vyeupe kwa muda, anaufunga. Anamwambia Sihaba afunge mizigo, wawahi boti. Njia ya kwenda stendi inapita nyuma ya soko, na Rukaiya analijua hilo. Anawasindikiza mpaka wanapanda gari.

Dirishani Bi Mwanahawa anamwita. Anasema Salale wako wanawake sita wenye watoto wadogo, na mwezi ujao boti ya chanjo itakwenda. "Njoo. Nitakukusanyia. Lakini uje na huyo Salama. Maneno wao wameshayasikia."

Nafasi kwenye boti hiyo Rukaiya ameiomba mara mbili, na safari hii amepewa. Mpango wake ni kwenda Salale kila mwezi, kisha Mbuchi, akae pale watoto wanapopimwa uzito, kwa sababu mama akishaamua kufunga safari mpaka Kibiti, mara nyingi ameshaamua kupita na kwa fundi. Bado jambo moja tu, kumuuliza Salama mwenyewe. Hajawahi kumwomba amfungulie mtu mdomo.

Anamuuliza jioni, uani, Salama akiosha vyombo.

"Watanitazama tu?" Salama anauliza.

"Watakutazama. Na mimi nitawaambia nilikushika kichwa."

Salama anasuuza sufuria, anaifunika kwenye jua lililobaki.

"Siku hiyo ni ya shule?"

"Ya shule."

"Basi twende."