Tsar wa Ukumbi wa Chini ya Kanisa

Harufu ya naftalini, vile vidonge vya kufukuzia nondo, bado hunirudisha utotoni. Juzi nilikuwa Maplewood, katika duka la mitumba, nikafungua kabati la makoti, na kabla sijagusa kitu nikamwona Mzee Kisinda mbele yangu, na kofia yake ya manyoya iliyonuka vivyo hivyo, kifua mbele, akisubiri kuamkiwa.

Mzee Kisinda alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania wa Minneapolis na Saint Paul, huku Marekani. Ujanani alikwenda Urusi kwa kozi ya miezi tisa ya kutunza ghala, akarudi na kofia ile, maneno kumi ya Kirusi na majivuno ya kutosha mkoa mzima. Kofia aliivaa hata kwenye joto la Julai, jasho likimchuruzika masikioni. Alitaka tumwite Tsar. Eti ni neno takatifu, maana yake aliyeteuliwa na Mungu kutawala. Watu wazima na akili zao, wauguzi na wahasibu, walimwita hivyo kisha wakaenda kucheka pembeni. Debe tupu, jamani, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukilipiga.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naishi na baba mtaa wa Phillips. Mama alikuwa bado Morogoro, akisubiri karatasi za uhamiaji. Sherehe ya Uhuru ilipokaribia, Mzee Kisinda alimwambia baba, "Huyu binti yako anapenda kusoma. Aniandikie utambulisho, ausome mwenyewe mbele ya watu. Na asisahau kueleza maana ya Tsar."

Nikaenda maktaba. Nilichokikuta kilinifurahisha kupita kiasi. Tsar ni Kaisari, neno lile lile tunalolisoma kwenye Biblia, na Kaisari lilikuwa jina tu la ukoo wa Mrumi mmoja ambaye hata mfalme hakuwa. Wenzake walimchoma visu wakihofia atajifanya mfalme. Waliomfuata wakajivika jina lake likawa cheo, Warusi nao wakalichukua, likafupika midomoni mwao, wakawapa watawala wao wa Moscow. Utakatifu wenyewe sikuuona popote.

Nilimsomea baba. Alicheka, kisha akaacha ghafla. "Mwanangu, msomee mzee anachotaka kusikia."

Sikumsikiliza. Jioni ile, ukumbini chini ya kanisa kule Saint Paul, pilau ikinukia, nilishika kipaza sauti nikasema yote, nikamalizia kwamba kumwita mtu Tsar ni kumwita kwa jina la ukoo wa marehemu asiyemhusu. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama mmoja alicheka hadi leso ikalowa machozi. Mzee Kisinda alitabasamu kwa meno tu.

Kesho yake baba alinipakia garini tukaenda nyumbani kwa mzee. Theluji ilikuwa ikianguka. Baba hakukaribishwa ndani. Nilimwona kupitia kioo cha gari, amesimama nje ya mlango, kichwa wazi, macho chini, akimwomba radhi mtu aliyevaa ndala na soksi. Robo saa nzima. Alirudi na bahasha ndani ya koti, nywele nyeupe kwa theluji. Nikamwambia, kwa Kiingereza ili imuume zaidi, kwamba ananitia aibu.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akanijibu. "Funga mkanda."

Nilimdharau siku ile kuliko nilivyomdharau Kisinda, na dharau hiyo niliilea kwa miaka.

Mama alikuja mwaka uliofuata. Lakini ni miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima nafanya kazi hospitalini, aliponieleza kilichokuwa ndani ya bahasha. Ilikuwa barua ya mwenyekiti, imegongwa muhuri wa chama kwa wino wa zambarau, ikithibitisha kwamba baba na mama ni mume na mke wa kweli. Kwetu Morogoro mambo mangapi hayaendi bila barua ya mwenyekiti wa mtaa! Baba aliamini Marekani nayo ni vivyo hivyo, na kwamba bila muhuri ule mama hatapanda ndege. Mwanasheria aliyeshughulikia karatasi za mama aliigeuza barua mara mbili, akamrudishia. Haihitajiki, alisema. Picha za harusi na maneno ya rafiki wa baba wa kazini vilitosha. Muhuri wenyewe Kisinda alijichongeshea, na haukuwa na nguvu ya kufungua hata mlango wa choo.

Baba alilijua hilo wiki ile ile. Hakuniambia neno, na kila Jumapili aliendelea kumwamkia mzee yule shikamoo. Mimi niliyejivunia kujua asili ya cheo cha wafalme wa mbali sikujua baba yangu mwenyewe alikuwa anamwinamia nani. Alikuwa anamwinamia mama, na mimi.

Nimejaribu mara nyingi kumwomba radhi. Kila nikianza, ananikatiza, ananiuliza kama nimekula.