Kurasa Mbili za Mama Madoa

Wenzake gereji walimwita Mama Madoa, na jina lenyewe alijitafutia. Gari la otomatiki likiingia mikononi mwake, kabla hajagusa spana, huchomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akadondosha tone moja kwenye ukurasa mweupe wa daftari, akaandika namba ya gari na tarehe, kisha akauacha ukurasa dirishani. Kufikia kesho yake tone limetanda na kuwa doa, na doa lina habari zake. Likibaki jekundu, giaboksi ni nzima. Likiwa jeusi katikati, na ukingo mkavu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, basi klachi za ndani zimekula moto. Alikuwa na madaftari tisa ya namna hiyo, na hakuruhusu mtu aweke kikombe juu yake.

Kazi aliingia kwa mlango wa nyuma. Aliajiriwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, akaviosha miaka miwili, mpaka siku fundi wake aliposhika springi ndogo asikumbuke inakaa wapi, na yeye, mikono ikichuruzika, akamwonyesha. Sasa ana miaka hamsini na moja, na magoti yanayompangia muda wa kukaa chini ya gari.

Jumanne moja likavutwa uani gari la benki ya damu, lile jeupe linalopeleka masanduku ya damu kwenye hospitali za mlimani. Dereva alieleza kwamba likiwa baridi halina neno. Likishapanda nusu saa, injini inanguruma lakini gari haliendi, kama mtu anayekanyaga baiskeli iliyochomoka mnyororo. Safari hii lilimgomea na damu ikiwa ndani, ikabidi gari jingine liifuate.

Mama Madoa aliyasikiliza maneno hayo hadi mwisho. Miezi saba nyuma aliyasikia yaleyale, kwa gari lilelile, kutoka kwa dereva mwingine. Wakati ule alifungua giaboksi, akakuta sahani za klachi zimeungua, akaweka mpya, na ofisi ya benki ya damu ilipotaka barua ya kueleza chanzo, aliandika mstari mmoja: uendeshaji mbaya wa dereva. Wiki hiyohiyo dereva akaachishwa kazi. Dereva huyo alikuwa mume wa mdogo wake.

Hakuandika kwa chuki. Alishapanda gari na shemeji yake mara nyingi, akamwona anavyotia N, yaani gia huru, kila wanapofika mteremkoni ili kubana mafuta, tabia inayochosha klachi, akamgombeza mbele ya mkewe, naye akacheka, akasema hata gari nalo linahitaji likizo. Kwa hiyo alipoziona zile sahani nyeusi hakujiuliza mara mbili. Watu wakamsifu kwamba hata shemeji yake hakumbeba, na sifa hiyo, Mungu amsamehe, ilimkaa vizuri mwilini kama nguo ya kushonewa. Tangu siku ile mdogo wake hakukanyaga kwake. Shemeji alikuwa akibeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kila alikoomba kazi ya udereva aliulizwa kuhusu ile barua.

Jumatano asubuhi Mama Madoa aliziweka kurasa mbili sambamba mezani, ya miezi saba iliyopita na ya jana. Doa lilikuwa moja: weusi uleule, ukingo uleule. Akalitazama kwa muda mrefu. Mikono ya madereva wawili isingeweza kuandika mwandiko mmoja.

Fundi injini, mwenzake kazini kwa miaka kumi na moja, alichungulia begani kwake, akashauri wawawekee wenye gari giaboksi nyingine wamalize, kwani madereva wote baba yao ni mmoja. Mama Madoa akaenda kumhoji dereva wa sasa. Huyu alikuwa mtu wa makamo, ameazimwa kutoka stoo mpaka apatikane dereva wa kudumu, na aliendesha polepole kiasi kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, watembea kwa miguu humpungia mkono wakimpita. Alipoulizwa kama hutia N mteremkoni, alishangaa kwamba kuna mtu mwenye moyo wa kufanya hivyo.

Basi tatizo halikuwa kwenye viti vya mbele. Alipima kimo cha oili, kikawa sawa. Akapima mgandamizo, ukawa sawa. Ikabaki njia ya kupozea. Oili ya giaboksi hutoka ikiwa ya moto, hupitia kwenye rejeta ikapoe, kisha hurudi. Isipopoa huunguza klachi, hata kama dereva ni malaika. Akafungua hozi ya kurudishia, akaitumbukiza kwenye chupa ya lita moja, akaomba injini iwashwe, akahesabu hadi ishirini. Chupa ikakaribia kujaa. Akarudia mara ya pili na ya tatu, na mara zote oili ilikuja kwa furaha.

Fundi injini akamwambia, kwa upole wa kumkera, kwamba chupa imeshajibu swali hilohilo mara tatu, atafute tatizo kwingine. Mama Madoa aliketi juu ya tairi kuukuu akifuta vidole. Gari hugoma likiwa la moto, akawaza, na mimi nalipima likiwa baridi. Akachukua chupa, spana mbili na glavu nzito, akamwambia dereva wa stoo waende mlimani.

Walipanda wakashuka, wakapanda wakashuka, gari likiwa na adabu kama mgeni. Dereva akapendekeza warudi, kwani hata yeye hajala. Mama Madoa akamwambia mara moja zaidi, kisha mara moja zaidi tena. Walipopanda mara ya nne, karibu na kona ya juu, injini ikapandisha sauti na gari likalegea. Akamsimamisha palepale. Akaingia chini, magoti yakilalamika, joto likimpiga usoni, akafungua hozi na kuielekeza chupani. Alihesabu hadi ishirini. Kilichoingia hakikufika hata unene wa kidole.

Gereji aliipasua hozi kwa wembe, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa nje ilikuwa nyeusi, nzuri, ya kutiliwa imani. Kwa ndani, ngozi ya mpira ilikuwa imebanduka na kufanya ulimi. Katika baridi ulimi ule ulilala, ukaacha oili ipite. Katika joto ulivimba, ukainuka, ukaziba njia. Fundi injini aliugusa kwa ncha ya bisibisi.

"Hii si ya jana," alisema taratibu.

"Ilikuwepo tangu siku ile. Niliifungua mwenyewe, nikaifuta vumbi, nikairudisha."

Fundi injini akaenda kutafuta hozi mpya.

Jioni ile, jua halijazama, Mama Madoa alibisha kwa mdogo wake. Mdogo wake alifungua mlango nusu, akasimama katika ile nusu. Dada mtu akasema amekuja kumwona shemeji, na kwamba hakai. Shemeji alitoka na vumbi la saruji kwenye nyusi, na Mama Madoa akamweleza yote pale mlangoni, bila kuruka kitu, kuanzia kurasa mbili hadi ule ulimi wa mpira. Akamaliza kwa kumwomba radhi, akimwita kwa jina lake kamili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi.

Shemeji alisugua nyusi.

"Lakini ile ya kutia N ni kweli, dada. Nilikuwa naifanya."

"Najua. Ndiyo iliyonipofusha. Nilikuwa nakujua wewe, nikaacha kuliuliza gari."

Mdogo wake alisogea, mlango ukafunguka wote. Hawakukumbatiana. Alisema tu kwamba radhi ya mlangoni haimrudishii mtu kazi. Mama Madoa akakubali. Akamwambia shemeji kesho avae shati lenye kola, amfuate ofisini. Shemeji alisita, kwani alishasimama mbele ya watu wale mara moja na hakutaka kurudia. Mama Madoa akamwahidi kwamba safari hii atakayesimama ni yeye mwenyewe, fundi.

Kesho yake, ofisa usafirishaji wa benki ya damu aliipokea barua mpya ya Mama Madoa ya kukiri kosa, akaisoma, akavua miwani. Alieleza kwa heshima kwamba jambo lilishafungwa, na kwamba fundi anayekiri kosa la namna hii anaiweka ofisi pabaya, huenda wakalazimika kutafuta gereji nyingine. Angeweza, kama mama atapenda, kuiweka barua hii kwenye faili, chini ya ile ya kwanza.

"Sitaki ikae chini," alisema Mama Madoa. "Ile ya kwanza ni yangu. Nipe niikate kwa kalamu, niweke sahihi. Gereji mtafute mnayotaka, hiyo ni haki yenu."

Aliambiwa aketi. Hakuketi. Akaweka mezani hozi iliyopasuliwa, juu ya karatasi safi asichafue, akamwonyesha ofisa ulimi ule na jinsi unavyoinuka. Ofisa aliugusa mara mbili, mara ya pili kwa muda mrefu kuliko ya kwanza. Kisha akafungua kabati, akatoa faili, akampa kalamu. Mama Madoa akakata ule mstari mmoja, akaandika pembeni: si kweli, kosa ni la fundi. Akatia sahihi na tarehe.

Ofisa akauliza dereva yule wa zamani anapatikana wapi siku hizi.

"Yuko nje, kwenye benchi."

Shemeji aliingia, kola imenyooka, mikono hajui aiweke wapi. Ofisa hakumuuliza lolote la nyuma. Alisema dereva wa stoo ameandika mara tatu kuomba arudishiwe makabati yake ya stoo, na kwamba Jumatatu saa moja asubuhi kuna masanduku sita ya kupeleka mlimani.

"Nitakuwepo saa kumi na mbili na nusu," alisema shemeji.