Betri ya kubeba mnadani: nilinunua ikaniaibisha, nikaunda nusura initeketezee nyumba, kisha nikampata Paskalina

Wakuu, habari za saa hizi. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Juzi nimeona mtu anauliza kama anunue betri kubwa ya kubeba au aunde mwenyewe, na majibu mengi yalikuwa ya watu ambao hawajawahi kushika hata solda. Nikaona nieleze yangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Mimi ni kinyozi. Sina saluni. Kwetu ni upande wa Mbulu ila nimeoa na kuhamia Basotu, na kazi yangu ni kufuata minada: Basotu penyewe, Balangdalalu, Dirma. Natandika turubai, naweka kiti na kioo, wateja wanakuja. Wengi ni wafugaji walioleta ng'ombe. Mtu akishauza anataka kichwa kisafi kabla ya kurudi boma.

Uwanja wa mnada hauna umeme, na mashine ya kunyolea inataka umeme. Shida yote ndiyo hiyo.

Mwanzo nilikuwa na betri ya zamani ya pikipiki na inveta ndogo ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Inanyoa vichwa vitano, inakufa. Nikasema hapana, sasa ninunue kitu cha maana. Nikaenda mjini nikapata power station, lile boksi lenye mpini, soketi na kioo cha kuonyesha asilimia. Imeandikwa namba kubwa ambayo hata muuzaji alikuwa anaitamka kwa heshima.

Ndama wangu mmoja aliishia kwenye hilo boksi. Tuliache hapo.

Siku ya kwanza kulitumia ilikuwa Balangdalalu. Akaja mzee mmoja wa Kibarbaig, Mzee Gidahasi. Shikamoo mzee, marahaba, akakaa. Akaniambia anatoka hapo anakwenda kwenye kikao cha posa ya binti yake, wageni wameshafika boma, kwa hiyo ninyoe vizuri.

Nikaanza upande wa kulia. Kioo kinasema asilimia sabini. Nikamaliza kulia, nikavuka katikati, mashine ikalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, ikazima. Kuangalia boksi, kioo cheusi tii.

Nikabonyeza, nikatikisa, nikachomoa na kuchomeka. Wapi.

Mzee akajishika kichwa. Upande mmoja laini, upande mwingine nywele. Watu wameshaanza kusogea kuangalia.

Akaniuliza taratibu, "Sasa mimi naenda kwa wakwe na kichwa hii?"

Wakuu, natamani angenitukana tu. Nilikimbia kutafuta wembe na sabuni, nikammalizia kwa mkono huku jasho linanitoka. Nikamkata kidogo nyuma ya sikio. Alipomaliza kujifuta akasimama, akachukua fimbo yake, akasema, "Wewe si mbaya. Hiyo kitu yako ndiyo mbaya." Akaenda zake kwenye kikao.

Nikarudi nyumbani nikafungua lile boksi kwa bisibisi. Ndani nikakuta seli chache tu zimekaa pembeni, na nafasi iliyobaki imejazwa vifuko vya mchanga ili liwe zito. Nilikuwa nimebeba mchanga kutoka mjini mpaka Basotu, kwenye wilaya ambayo mchanga tunaukanyaga bure.

Yule muuzaji kupigiwa simu, haipatikani.

Hapa ndipo ujinga wangu unapoanza.

Kwa hasira nikasema kununua basi, naunda. Nikaangalia video mtandaoni, tena za lugha nisiyoielewa, naangalia mikono tu. Nikakusanya seli za betri za laptop zilizokufa, zile ndogo ndefu kama betri za tochi. Sikuzipima. Nikaziunga kwa solda, nyaya nikatumia zile nyembamba za spika. Kile kibao cha ulinzi kinachoitwa BMS, kinachozuia betri isijae kupita kiasi wala kupiga shoti, sikuweka kwa sababu niliona kinachelewesha kazi. Nikapanga kila kitu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko.

Ikawaka! Nilinyoa mnada mzima wa Basotu bila kuzima. Nilirudi nyumbani natembea kama injinia.

Haikupita hata wiki mbili. Ilikuwa mchana, jua kali. Nimeweka ndoo sebuleni inachaji kwa sola, mimi nipo zizini nashughulika na ng'ombe. Mke wangu Magreti ameenda kisimani. Mtoto wetu wa miezi saba amelala chumbani, na kati ya chumba na sebule ni pazia tu.

Jirani yetu, Mama Safari, alikuwa anapita kuja kuomba chumvi. Akasikia harufu ya plastiki. Anasema akaita hodi, kimya. Akachungulia akaona moshi unatoka kwenye mfuniko, kisha kitu kikapasuka ndani ya ndoo, pa! Kama bisi.

Yule mama hakukimbia. Alichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akalinasa kwenye mpini wa ndoo, akaivuta ndoo ile kutoka sebuleni mpaka katikati ya uwanja, huku seli zinapasuka moja baada ya nyingine. Akaiacha iungue hapo. Akarudi ndani kumbeba mtoto.

Mimi nilisikia kelele ya pa pa pa nikafikiri ni watu wanafukuza nyani. Nimefika, Mama Safari amesimama chini ya ukingo wa paa, mtoto wangu begani, amelala bado. Khanga yake imetoboka matundu mawili kwa cheche. Uwanjani plastiki inateketea kwa moshi mweusi.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Mama Safari akaniuliza, "Baba, ulikuwa unapika nini humu?"

Magreti aliporudi hakupiga kelele. Alichukua mtoto, akamkagua vidole vya mikono na vya miguu, akatazama alama nyeusi iliyoungua kwenye sakafu, akaniambia, "Kuna mama anatengeneza redio na sola pale barabara ya ziwani. Kesho unaenda kwake. Kama huendi, ukanyoe kwa wembe mpaka uzeeke."

Wakuu, nilienda.

Paskalina ni mama wa makamo, ana meza moja na mwavuli mkubwa, na mita ya kupimia umeme iliyofungwa kwa mpira kwa sababu kava lake limevunjika. Ufundi alifundishwa na marehemu kaka yake. Wavuvi, wafugaji, walimu, wote sola zao zinapita kwenye meza ile.

Nikamsalimu, nikamweleza yote, pamoja na ndoo. Alisikiliza huku anasafisha ncha ya solda. Swali lake la kwanza halikuwa la betri.

"Una watoto?"

"Mmoja."

"Basi leo hushiki waya. Leo unakaa unaangalia."

Nikakaa siku nzima. Siku ya pili pia. Siku ya tatu ndiyo akanipa mita, akaniletea rundo la seli kuukuu nizipime moja moja na kuandika kwa kalamu ya wino. Katika rundo lile zima, zilizofaa zilitoshea kiganja kimoja. Akaniuliza, "Na wewe ulizipima?" Nikasema hapana. Hakurudia tena, na kwa hilo tu namshukuru.

Tuliagiza seli mpya kupitia jamaa yake wa Arusha. Nne kubwa, za lithiamu ile ya fosfeti, ambayo alisema ni nzito kidogo lakini haina hasira kwenye joto kama zile za laptop. Zilipofika alizipima mbele yangu kabla ya kumruhusu mleta mzigo aondoke.

Kuunda kwenyewe kulichukua siku mbili. Kibao cha ulinzi kikaingia. Fyuzi ikaingia karibu kabisa na mdomo wa betri, pale umeme unapotokea. Nyaya nene, si za spika. Seli zikabanwa kwa vipande vya mbao zisicheze barabarani, maana njia ya kwenda Dirma mnaijua. Vyote ndani ya sanduku la bati lililowekwa mpira ndani, na matundu ya kupumulia upande ambao vumbi haliingii moja kwa moja.

Nilidhani nimemaliza. Akasema bado. Lile sanduku lilikaa chini ya meza yake wiki nzima, linachajiwa na kumalizwa, linachajiwa na kumalizwa, na kila mara anaweka kiganja juu kusikia joto. Mimi naenda mnadani na wembe. Ilinibidi nivumilie.

Alinitoza hela ya ufundi, nikalipa. Mpaka leo sidhani kama nililipa yote.

Sasa nieleze na kingine kilichonifanya niandike uzi huu.

Mwezi uliopita nipo Dirma. Mnada umechangamka, ng'ombe wengi, na vumbi la siku ile lilikuwa la kula kwa kijiko. Nimepumzika kidogo baada ya wateja wa asubuhi, namwona nesi wa zahanati anakuja mbio na sare yake, anaangalia huku na huku. Kafika kwangu.

"Kaka, ile betri yako inaweza kuwasha mashine ya umeme wa kawaida?"

Nikamuuliza mashine gani. Akasema ya kumvutisha mgonjwa dawa ya pumu. Kuna bibi ameshindwa kupumua kwa vumbi, dawa ipo, mashine ipo, umeme umekatika tangu asubuhi.

Sikumwuliza kingine. Nilichomoa nyaya, nikabeba sanduku begani na inveta mkononi, tukakimbia hadi zahanati. Ni zito, wakuu. Seli zile ni nzito kweli.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Ukisikia ule mlio kifuani unaogopa. Binti yake amepiga magoti mbele yake, amemshika viganja.

Nikachomeka. Kichwani nilikuwa naona ndoo inaungua uwanjani kwangu. Nikawasha inveta. Nesi akawasha mashine.

Ikanguruma. Ule mvuke mweupe ukaanza kutoka kwenye barakoa.

Nilikaa chini kando ya sanduku, nikaweka kiganja juu ya bati kama nilivyomwona Paskalina anafanya. Baridi kabisa. Dakika zikapita. Mabega ya bibi yakaanza kushuka, kisha yakatulia. Nesi akasikiliza kifua, akaongeza dawa mara ya pili, akatikisa kichwa kukubali.

Bibi alipoondolewa barakoa, akasema kitu kwa Kidatoga, lugha ya wafugaji wa huku, sauti ndogo. Binti yake akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Nikauliza, amesema nini?

"Anauliza ng'ombe wake kama wameshamuuza."

Tulicheka wote, mpaka nesi akajifuta macho kwa mkono wa sare.

Sasa ninunue au niunde? Mimi nasema hivi. Kama ni simu na tochi tu, nunua, lakini kwa mtu anayekubali uliwashe boksi mbele yake mpaka chaji iishe, na duka lake ulijue. Ukiona boksi zito kuliko akili, lifungue kwanza. Kama kazi yako inataka kubwa zaidi, unda, ila usiunde peke yako na video. Tafuta fundi anayepima. Asipopima, ondoka. Na hata ukiunda na fundi, chajia mbali na mtu aliyelala.

Nilidhani nimejifunza mambo ya betri. Kumbe nimejifunza nina watu. Kuna mama alivuta moto kwa jembe ndani ya nyumba isiyo yake, kuna mke aliyenipeleka kwa mwalimu badala ya kunitukana, na kuna fundi aliyenikalisha siku mbili bila kushika waya. Mungu awazidishie.

Wenye uzoefu na vumbi kuingia kwenye feni ya inveta, naomba ushauri, maana hilo bado linanisumbua. Na kama umewahi kubeba mchanga wa mtu kutoka mjini kama mimi, usione aibu, tueleze.

Maswali nitayajibu. Leo nipo mnadani, na chaji ipo.